Kundi la Viongozi

Miaka minne iliyopita niliandika sentensi ya maneno matano katika muhtasari wa kikao: "Viongozi wote wapewe ruhusa zote." Niliiandika kwa mkono wangu, nikiwa mwenyekiti wa kamati, na hakuna mjumbe aliyeipinga. Sikuifikiria tena hadi siku ilipokaribia kumpotezea kazi kijana asiye na hatia, na kuwaandalia wanafunzi wangu roshani yenye chuma pungufu. Naieleza leo hadharani kwa sababu naamini sentensi ya namna hiyo imo katika mihtasari ya ofisi nyingi za nchi hii, na walioiandika, kama mimi, hawakujua kwamba walikuwa wakiandika katiba.

Nianze kwa kukiri kwamba mimi si mhandisi. Ninafundisha utawala wa umma, na kwa miaka mingi nimewaeleza wanafunzi habari za mgawanyo wa madaraka, uwajibikaji na utawala wa sheria. Chuo nilichokuwa nikifanyia kazi wakati huo kilikuwa kimenunua programu ya kusimamia data za kihandisi. Kwa msomaji asiyeijua, programu ya aina hii ni ghala la michoro na mahesabu. Kila mchoro wa jengo, wa bomba la maji au wa njia ya umeme huhifadhiwa mahali pamoja. Kila badiliko huandikwa kuwa toleo jipya. Na kila hati huwa na hali yake inayojulikana: inachorwa, inapitiwa, au imeidhinishwa. Kabla ya hapo michoro yetu ilikuwa imekunjwa kabatini, mingine katika kompyuta za watu binafsi, na mingine katika vichwa vya mafundi waliokaribia kustaafu. Hivyo ununuzi wenyewe ulikuwa jambo jema.

Kamati ya kusimamia mfumo ikaundwa na, kama ilivyo desturi yetu, uenyekiti ukapewa mtu mwenye shahada kubwa badala ya mtu mwenye ujuzi wa jambo lenyewe. Ndivyo nilivyojikuta mezani, mbele ya jedwali alilotuletea mtaalamu aliyekuja kutufungia mfumo. Kwenye mistari yake kulikuwa na nafasi za majina ya makundi ya watumiaji. Kwenye safu zake kulikuwa na vitenzi: kuona, kuongeza, kubadilisha, kufuta, kuidhinisha, kusimamia watumiaji. Alitueleza kwa subira kwamba mtumiaji hapewi ruhusa mmojammoja. Huwekwa katika kundi, na kundi ndilo lenye ruhusa. Mtu akiwa katika makundi mawili, katika programu nyingi ruhusa zake hujumlishwa. Kwa hiyo, alisema, tujaze jedwali kwa uangalifu, tukianza na kazi za watu na si majina yao.

Tulikuwa na dakika ishirini kabla ya chai. Mjadala wetu haukuwa wa kazi hata kidogo. Ulikuwa wa heshima. Mjumbe mmoja alisema haifai mkuu wa idara akataliwe na mashine jambo ambalo kijana wa chini yake anaruhusiwa. Mwingine akauliza kwa nini wakuu wa vitivo wasiwemo. Mimi, nikitaka kikao kiishe kwa amani, nikaandika ile sentensi. Likazaliwa kundi lililoitwa "Viongozi", likiwa na watu saba na safu zote zimewekewa alama ya ndiyo. Jina langu lilikuwa la tatu, ingawa sikuwa nimewahi kufungua mchoro hata mmoja katika maisha yangu.

Miezi kadhaa baadaye ujenzi wa bweni jipya la ghorofa nne ulianza. Roshani zake zilitokeza nje ya ukuta bila nguzo ya kuzishika kwa mbele. Uzito wote wa roshani ya namna hiyo, pamoja na wanafunzi watakaosimama juu yake jioni kupunga upepo, hubebwa na nondo zilizolazwa upande wa juu wa zege na kuingizwa ndani ya jengo. Mchoro ulioidhinishwa ulitaka nondo za milimita 16, moja kila baada ya milimita 150. Asubuhi moja mkandarasi alichapisha nakala nyingine kutoka katika mfumo. Ilikuwa na alama ileile ya "Imeidhinishwa" na herufi ileile ya toleo, lakini ilisema nondo za milimita 12, moja kila baada ya milimita 200. Msomaji mwenye kalamu anaweza kupiga hesabu mwenyewe: kwa kila mita moja ya upana, chuma kilishuka kutoka takriban milimita za mraba 1,340 hadi 565. Ni chini ya nusu.

Aliyetuokoa hakuwa na akaunti katika mfumo. Alikuwa nyapara, mzee wa makamo ya baba yangu mdogo, ambaye alikuwa amebandika nakala ya kwanza kwenye ukuta wa kibanda chake na hakuwa na haraka ya kuibandua. Aliziweka nakala mbili pamoja, akazitazama, kisha akapiga simu kuuliza kama ni wahandisi waliopunguza nondo au ni macho yake yaliyozeeka. Zege lilikuwa limwagwe baada ya siku mbili.

Kazi ilisimamishwa na daftari la matukio ya mfumo likafunguliwa. Lilionyesha kwamba mchoro ulibadilishwa saa 2:40 usiku kwa akaunti ya Mkuu wa Idara. Mkuu alikuwa Dodoma kwenye mkutano, na mashahidi wake walikuwa ukumbi mzima. Ndipo ikabainika jambo ambalo kila mtu ofisini alilijua isipokuwa wale waliopaswa kulijua: nywila ya Mkuu ilikuwa ya umma. Katibu muhtasi alikuwa nayo, mafundi sanifu wawili walikuwa nayo, na mkadiriaji majenzi alikuwa nayo. Mkuu mwenyewe ndiye aliyewapa, kwa sababu alisafiri mara kwa mara na hakutaka kazi ikwame. Daftari la mlinzi getini lilionyesha kwamba fundi sanifu mmoja, kijana mwenye mkataba wa miaka miwili, alitoka ofisini saa tatu usiku siku hiyo. Hilo lilitosha. Akasimamishwa kazi kupisha uchunguzi.

Mimi niliteuliwa kuwa mmoja wa wachunguzi watatu. Katika kikao cha kwanza kila mtu aliuliza nani aliingia. Nikaona swali hilo halina jibu, kwa kuwa watu watano walikuwa na uso mmoja. Nikamwomba mtaalamu wa TEHAMA atuchapishie orodha ya wote ambao mfumo uliwaruhusu kubadilisha mchoro ulioidhinishwa bila kuanzisha toleo jipya. Ilitoka karatasi moja. Juu yake paliandikwa "Kundi: Viongozi". Jina la tatu lilikuwa langu. Kwa mujibu wa mfumo, mwalimu wa utawala asiyejua kusoma mchoro wa nondo alikuwa na mamlaka ya kupunguza chuma cha bweni la wanafunzi akiwa amekaa nyumbani kwake. Na fundi sanifu tuliyemsimamisha, kwa akaunti yake mwenyewe, hakuwa nayo.

Aibu kubwa zaidi ilikuwa bado njiani. Tulipoagiza jalada la mfumo kutoka masjala, tulikuta ndani yake dokezo la nusu ukurasa lililoelekezwa kwangu, la miezi mitatu kabla ya tukio, lenye sahihi ya kijana yuleyule. Alieleza mambo mawili kwa lugha ya adabu: kwamba kundi la Viongozi linaweza kubadilisha michoro iliyokwisha kuidhinishwa, na kwamba nywila ya Mkuu inatumiwa na watu wengi. Alipendekeza kundi lile livunjwe. Pembeni yake palikuwa na mwandiko ninaoujua vizuri: "Nimeona. Lihifadhiwe." Ulikuwa mwandiko wangu. Sikukumbuka kulisoma.

Wiki ya pili mkadiriaji majenzi alirudi kutoka safari ya kikazi mkoani na akaja mwenyewe, bila kuitwa. Usiku ule, akiwa nyumbani, alikuwa akikadiria gharama za kijipaa cha juu ya mlango wa nyuma. Aliingia kwa akaunti ya Mkuu ili afungue michoro, akajaribu vipimo vya nondo nyembamba akidhani yumo katika nakala yake, kisha akahifadhi. Hapakuwa na rushwa, wala hujuma, wala njama. Palikuwa na mtu mchovu aliyebonyeza kitufe ambacho hakikupaswa kuwapo mbele yake. Nasisitiza hili kwa sababu sisi tunaoandika kuhusu siasa tuna mazoea ya kutafuta mwovu nyuma ya kila janga. Mara nyingi nyuma ya janga kuna jedwali lililojazwa kabla ya chai.

Baada ya hapo nilisoma mambo ambayo nilipaswa kuyasoma kabla ya kukubali uenyekiti. Mwaka 1975 wataalamu wawili wa Marekani, Jerome Saltzer na Michael Schroeder, walichapisha makala kuhusu ulinzi wa taarifa katika mifumo ya kompyuta. Miongoni mwa kanuni walizoziorodhesha kuna tatu ambazo mtu wa utawala akizisoma atadhani zimeandikwa kwa ajili ya serikali. Ya kwanza ni kwamba kila mtumiaji apewe uwezo mdogo kabisa unaomtosha kwa kazi yake. Ya pili ni kwamba jambo zito lihitaji funguo mbili zinazoshikwa na watu wawili tofauti. Ya tatu, ambayo huwa tunaisahau, ni kwamba ulinzi uwe mwepesi kwa binadamu kuutumia. Ukiwa mzigo, watu wataukwepa. Mkuu wetu hakugawa nywila kwa uovu. Aliigawa kwa sababu mfumo tuliouweka haukumwachia njia nyingine ya kuwa Dodoma huku kazi ikiendelea.

Nilisoma pia habari za Kansas City, Marekani. Tarehe 17 Julai 1981, katika hoteli ya Hyatt Regency ya mji huo, madaraja mawili ya ndani yaliyoning'inizwa juu ya ukumbi yaliwaangukia watu waliokuwa kwenye dansi. Watu 114 walikufa. Katika usanifu wa awali, fimbo moja ya chuma ilitoka darini, ikapita daraja la juu na kushika la chini. Wakati wa utengenezaji wa vyuma jambo hilo lilibadilishwa: fimbo mbili badala ya moja, la chini likaning'inizwa kwenye la juu. Badiliko lilionekana dogo kwenye karatasi, lakini liliongeza mara mbili mzigo uliobebwa na kiungo cha daraja la juu. Michoro yenye badiliko hilo ilipita ikiwa na muhuri wa mhandisi, bila mtu kurudia hesabu za kiungo kile. Baadaye wahandisi waliohusika walinyang'anywa leseni zao katika jimbo la Missouri. Walipohojiwa, sehemu kubwa ya mabishano ilihusu swali lilelile lililotukalia mezani: nani aliidhinisha nini, lini, na ushahidi wake uko wapi?

Uchunguzi wa kitaalamu wa ajali ile ulifanywa na taasisi ya taifa ya viwango ya Marekani, ambayo mwaka 1988 ilibadilishwa jina kuwa NIST. Ni katika taasisi hiyohiyo ambapo mwaka 1992 David Ferraiolo na Richard Kuhn walitoa mfumo wa kugawa ruhusa kwa kufuata wajibu wa mtu katika taasisi, badala ya kumpa mtu binafsi. Sisemi jambo moja lilizaa jingine. Nasema tu kwamba waliochunguza chuma kilichoanguka na waliofikiria ruhusa za kompyuta walifanya kazi chini ya paa moja, na kwamba maswali yao ni ya ukoo mmoja. Leo hata kiwango cha kimataifa cha usimamizi wa taarifa za ujenzi, ISO 19650, ambacho sehemu zake mbili za kwanza zilitolewa mwaka 2018, kinataka taarifa ipite katika hali zinazojulikana: kazi inayoendelea, iliyoshirikishwa kwa wengine, iliyotolewa rasmi, na iliyowekwa kwenye kumbukumbu. Kutoka hali moja kwenda nyingine ni mlango, na kila mlango una mtu wa kuujibia.

Lakini kadiri nilivyosoma ya Marekani, ndivyo nilivyozidi kukumbuka ya kwetu. Msomaji uliyefanya kazi serikalini unaijua masjala. Unajua kwamba kila barua inayoingia katika jalada hupewa namba ya folio, ili ikichomolewa pengo lionekane. Unajua kwamba jalada la siri halikai rafu moja na jalada la wazi, na kwamba likitoka huandikwa limekwenda kwa nani. Unajua kwamba anayetoa maoni huyaandika kwa dokezo, akaweka sahihi, cheo na tarehe. Na unaijua ile "Kny." inayotangulia cheo cha mkubwa chini ya barua. Ofisa anapotia sahihi kwa niaba ya Katibu Mkuu haigi sahihi ya Katibu Mkuu. Anaweka sahihi yake, chini ya mamlaka ya mwingine. Mamlaka yameazimwa lakini mkono umebaki wa mwenyewe. Herufi tatu hizo ni kanuni nzima ya uwajibikaji.

Kompyuta ilipofika ofisini tukaitupa kanuni hiyo bila kujadiliana. Ofisa ambaye asingethubutu kughushi sahihi ya mkubwa wake kwenye karatasi, leo anaingia kwa nywila ya mkubwa huyo kila asubuhi na kuuita huo utendaji. Mkubwa ambaye asingempa dereva muhuri wa ofisi akae nao, anamtumia nywila kwa ujumbe wa simu. Hatuoni kwamba ni jambo lilelile. Kutumia akaunti ya mtu mwingine ni kughushi sahihi, hata pale mwenye sahihi anapokubali.

Ripoti yetu ilipokamilika nilipewa kazi ya kupanga makundi upya, safari hii nikiwa na fundi sanifu yule pembeni yangu. Alikuwa amerejeshwa kazini kwa barua ya aya moja isiyokuwa na neno la pole. Siku ya kwanza alinisalimu kama kawaida yake, "Shikamoo, Daktari," nami nikaitikia marahaba huku nikitazama pembeni. Tuliandika kazi kwanza, majina baadaye, kama tulivyoambiwa tangu mwanzo. Yakapatikana makundi matano. Wachoraji huchora na kubadilisha, lakini katika hali ya kuchora pekee. Wakaguzi husoma na kurudisha kwa maoni. Waidhinishaji huidhinisha, lakini hawawezi kuidhinisha mchoro walioubadilisha wenyewe. Wasomaji, wakiwamo mkandarasi na mkadiriaji majenzi, huona na kuchapisha kilichoidhinishwa tu. Wasimamizi wa mfumo huongeza na kuondoa watumiaji, lakini hawaidhinishi chochote. Mchoro uliokwisha kuidhinishwa haubadilishwi na mtu yeyote. Anayetaka badiliko huanzisha toleo jipya, nalo hupita milango yote upya.

Kabla ya kuwahamisha watu tulichapisha orodha ya watumiaji wote. Kulikuwa na akaunti 41. Tisa zilikuwa za watu waliokwisha kuhama au kumaliza mikataba. Wengine walikuwa wamepita idara tatu na kubaki na ruhusa za zote tatu, kwa kuwa kila idara iliwaongeza na hakuna iliyowaondoa. Akaunti moja ilikuwa ya mwenzetu tuliyemzika mwaka uliotangulia. Nilikuwa nimebeba jeneza lake. Kwa mujibu wa mfumo, marehemu alikuwa bado na mamlaka ya kuidhinisha michoro ya majengo. Taifa hili limewahi kuhangaika na watumishi hewa katika orodha ya mishahara, na tulikasirika ipasavyo, kwa sababu hewa ile ilikula fedha. Hewa iliyomo katika orodha za ruhusa haili fedha mara moja, ndiyo maana hatuihesabu.

Upinzani mkubwa ulitoka kwa Mkuu wa Idara, mtu mwadilifu ambaye jambo lile lilimuumiza kuliko alivyoonyesha.

"Daktari, yaani mashine inikatalie mimi mchoro wa ofisi yangu?"

"Mkuu, haikukatalii kuuona. Inakukatalia kuubadilisha bila jina lako kubaki."

Akanyamaza kidogo. "Na nikiwa safarini?"

"Unamkaimisha mtu."

"Kwa barua?"

"Kwa barua, na ndani ya mfumo vilevile. Tarehe ya kuanza na tarehe ya kumalizika. Ataidhinisha kwa jina lake, si kwa lako. Tarehe ikifika, ruhusa inaondoka yenyewe."

Alilielewa hilo papo hapo, kwa sababu kukaimu si jambo geni kwa mtumishi wa umma. Utaratibu tulikuwa nao siku zote. Kilichokosekana ni kuuingiza mahali ambapo kazi ilikuwa imehamia. Tukakubaliana pia kwamba kila baada ya miezi mitatu orodha ya kila kundi ichapishwe, mkuu wa kitengo aisome jina kwa jina, aweke sahihi kwamba kila aliyemo bado anastahili kuwamo. Kazi hiyo huchukua muda mfupi kuliko chai.

Ndugu zangu, naogopa msomaji mmoja atachukua kisa hiki na kukitumia vibaya. Atasema: basi tufunge kila kitu, kila mtu aone cha kwake tu. Hapana. Katika jedwali lile "kuona" na "kubadilisha" ni safu mbili tofauti, na hekima yote imo katika kutozichanganya. Roshani yetu haikuhatarishwa na wengi waliouona mchoro. Ilihatarishwa na wengi walioweza kuubadilisha. Iliokolewa na mzee aliyeuona. Ofisi zetu hufanya kinyume: hugawa kwa ukarimu uwezo wa kubadilisha, miongoni mwa wenye vyeo, na kubana kwa wivu uwezo wa kuona, dhidi ya wananchi. Nchi hii ina Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa tangu mwaka 2016, na bado ofisa akiombwa nakala ya mchoro wa mtaro unaopita mbele ya nyumba ya mwombaji huiona hoja hiyo kama uchokozi. Wapo mambo ya kufichwa kwa haki, kama taarifa za mgonjwa, mitihani ambayo haijafanywa na ramani za mitambo inayoweza kuhujumiwa. Yasiyo ya aina hiyo yaonwe na wengi, yabadilishwe na wachache, na kila badiliko liwe na jina.

Wanafunzi wangu wa siasa huniuliza katiba mpya itapatikana lini. Ni swali halali, nami nina msimamo wangu ambao wasomaji wa ukurasa huu wanaujua. Lakini nimejifunza kuwauliza nao swali jingine: katika ofisi, chama au asasi mnayoongoza sasa hivi, nani anaweza kufuta? Nani anaweza kuidhinisha alichokiandika mwenyewe? Nani alikwisha kuondoka na bado ana ufunguo? Mwanaharakati anayedai mgawanyo wa madaraka kwa Rais, huku watu sita wa asasi yake wakitumia akaunti moja ya kulipia fedha, anadai kwa wengine jambo ambalo hajalijaribu. Ibara ya 4 ya Katiba ya mwaka 1977 inatenganisha utendaji, utoaji haki na utungaji sheria. Mgawanyo wa madaraka, hata hivyo, hauishi katika ibara peke yake. Unaishi, au unakufa, katika maelfu ya majedwali madogo yanayojazwa na watu wenye haraka, katika hospitali, halmashauri, mamlaka za maji na vyuo.

Tumezoea kusema kwamba cheo ni dhamana. Mimi nilikuwa nikilisema hilo darasani kila mwaka, na siku nilipopewa jedwali nikalijaza kana kwamba cheo ni zawadi. Niliwapa watu saba ruhusa zote kwa sababu kuwanyima kungeonekana utovu wa adabu. Heshima ya kiongozi haikai katika wingi wa vitu anavyoweza kufanya bila kuulizwa. Kama inakaa popote, inakaa katika kukubali kwamba jina lake liandikwe kila anapofanya.

Kijana yule alikaa nasi miezi minane, hadi mkataba wake ulipokwisha, na hakuomba uongezwe. Siku ya kuaga alipita ofisini kwangu. Nikamwambia jambo ambalo barua ya chuo haikulisema: kwamba aliandika, nami sikusoma, na kwamba naomba radhi. Alitazama chini kidogo.

"Daktari, mimi sikuumia kwa kusimamishwa. Niliumia kwa sababu niliandika."

Sikuwa na jibu la kumpa. Nilimsindikiza hadi kituo cha basi, na njiani tulilipita bweni. Wanafunzi walikuwa wameegemea kingo za roshani, wengine wameanika nguo, mmoja akisoma. Hakuna hata mmoja wao aliyejua habari za nondo, wala za kundi la Viongozi, na hawakupaswa kujua. Ilikuwa kazi yetu sisi kujua kwa niaba yao.

Kesho ukifika ofisini, kabla ya jambo jingine, omba orodha ya kundi ulilomo katika mfumo wowote mnaoutumia. Isome jina kwa jina. Ukikuta jina lako mahali ambapo kazi yako haikufikishi, omba liondolewe, kwa barua, na weka sahihi yako mwenyewe.